Waifai ya Baba Hainyimwi Mtu

Baba yangu alikuwa hawezi kumnyima mtu kitu. Sisemi hivi kumsifu. Kuishi na mtu wa namna hiyo kunachosha, hasa kama kitu anachogawa umekileta wewe.

Waifai niliileta mimi nyumbani kwetu Kariakoo, kwa sababu ya kazi. Nauza madera kwa simu: napiga picha, natupia mtandaoni, wateja wa mikoani wanaagiza. Nyumba yetu ni ya chini, ya zamani, vyumba vinatazamana na korido inapita katikati, na maghorofa yametubana pande zote. Ukiingia ndani tu, simu inapoteza mtandao. Basi wakaja mafundi, wakavuta waya, wakaweka ruta juu ya kabati la vyombo sebuleni. Baba akaifunika kitambaa cha kufuma kama alivyofunika redio na televisheni. Fundi alipouliza paswedi iwe nini, nikamwachia mzee achague. Akasema, "Andika karibuni."

Na kweli wakakaribia. Baba alikuwa anashinda barazani, na kila aliyepita alipewa. Bodaboda wakapewa, mama ntilie akapewa, muuza viatu vya mtumba wa pale kona akapewa, na watu ambao hata majina yao hatuyajui wakapewa. "Shikamoo mzee, naomba waifai." "Marahaba mwanangu, andika karibuni." Mimi huku ndani picha moja ya dera inapanda tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Nikabadilisha. Niliweka paswedi ngumu, herufi kubwa na ndogo, namba, na vialama ambavyo hata mimi vilinitoa jasho. Baba akaniomba nimwandikie kwenye karatasi, macho yake mabovu, asije akasahau. Nikamwandikia. Kesho yake natoka nje nakuta paswedi yangu imenakiliwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, kimetundikwa msumarini barazani, na watu wamesimama wanainakili kwa utulivu kama watoto wa shule.

"Baba, nini hiki?"

"Maji hayanyimwi mtu."

"Haya si maji, Baba!"

"Kwani ukiifungia ndani itazaana?"

Nilifoka siku hiyo mpaka majirani wakatoka kuangalia. Yeye akanywa kahawa yake. Nikachoka, nikairudisha karibuni, yakaisha.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuomba waifai, naye ni mtani wake. Mama huyu ni Mnyamwezi, anauza asali ya Tabora pale sokoni. Sisi Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu: mnaambiana lolote, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Simu yake kitochi, waifai ya nini? Yeye alikuwa anapita kila asubuhi na ndoo yake kichwani, na kila asubuhi maneno yalikuwa yale yale.

"Mtani," Baba anaanza, "leo umeniletea asali au sukari ya kuchemsha?"

"Nimekuletea sumu. Kunywa ufe."

"Nikifa utanibeba."

"Nikubebe mimi? Nitakaa mlangoni usitoke!"

Baba atacheka mpaka akohoe, mama wa watu ataenda zake sokoni, siku imeanza. Ikifika saa mbili hajapita, Baba alikuwa anakosa raha, anauliza kila mtu kama kamwona.

Alfajiri moja Baba hakuamka. Nilimgusa bega nikajua. Nililia, halafu nikakumbuka kuna mtu wa kumwambia. Mdogo wangu wa kike anafanya kazi za nyumbani Maskati. Sisi ni wawili tu, mama alitangulia zamani. Na maiti kwetu haikai. Baba alikuwa anazikwa siku hiyo hiyo alasiri, mdogo wangu hata angepata ruhusa asingefika. Alilia wee, alipotulia akasema, "Dada, sikuombi kitu kingine. Nimwone Baba. Nimwone anavyotoka nyumbani." Nikamwahidi, Wallahi, utamwona.

Ilipofika saa nne mtaa ulikuwa umefungwa maturubai, majamvi yametandikwa, masufuria yako motoni. Na watu walikuja, subhanallah! Wale wote wa karibuni walikuja. Walikuwa na huzuni ya kweli, sitawasingizia, lakini kila simu ilipofika barazani kwetu ilijiunga yenyewe, na mtu akiwa na huzuni na waifai ya bure anainama. Baba mdogo, wakala wa forodha kule bandarini, alikuwa na simu mbili. Moja anatuma picha kwenye kundi la ukoo, nyingine anarusha laivu, anatangaza kila anayeshuka kwenye bajaji: "Wa Upanga ndio wanaingia sasa hivi, poleni sana wa Upanga."

Nikampigia mdogo wangu kwa video kujaribu. Picha ikavunjikavunjika, mdomo wake ukaganda wazi, sauti ikatoka "Da... da... ba..." ikakata. Nikapiga tena, ikakata. Nikapiga tena, haikuita kabisa.

Kubadilisha paswedi ni kazi ya kufumba na kufumbua, naijua. Lakini nifikirieni. Msibani hakuna anayenyimwa kitu. Mtu anakuja anakula, analala jamvini, anaingia chooni kwako, humuulizi. Sasa isikike kwamba binti wa marehemu kawafungia watu waifai na baba yake bado yuko kitandani! Na marehemu mwenyewe ndiye yule asiyemnyima mtu. Wangelisema jambo hilo mpaka kwa wajukuu zangu. Nikaona niombe kwa upole. Baba mdogo akanijibu, "Mwanangu, wa Kisarawe wote wanafuatilia hapa, nitawaambiaje?" Nikaingia kwa kina mama sebuleni, nikakuta shangazi anasoma Yasini kwenye simu. Utamwambia nini mtu anayesoma Yasini?

Waoshaji wakamaliza. Tukaitwa, wanaotaka kumuaga waje. Nikaegemea ukuta wa korido, simu mkononi inazunguka tu, na hasira ikanitoa machozi ambayo msiba ulikuwa umeyabakiza.

Hapo akaingia mtani. Alikuwa amevaa kanzu ya Baba na kofia ya Baba, kashika bakora ya Baba, anatembea mwendo wa Baba na kukohoa kikohozi chake. Kina mama wakaangua kicheko na machozi yanawatoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Akaniona.

"We mwana wa mvivu aliyekufa asali yangu hajaimaliza, unalia nini peke yako kwenye korido?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, kofia imemkaa upande.

"Hiyo waifai ndiyo ipi?"

Nikamwonyesha kitambaa juu ya kabati.

"Ukiwafungia watu, watakasirika?"

"Watanila nyama, mtani."

"Na nikiwafungia mimi?"

Nikamtazama. Jamani, nilikuwa nimefikiria kila kitu siku ile isipokuwa hilo.

Akaingia sebuleni katikati ya Yasini, akapanda kigoda, akavua kile kitambaa akajitupia kichwani juu ya kofia, akaibeba ruta kifuani. "Nimeikamata! Mali ya marehemu nimeikamata!" Kina mama wanapiga kelele, mimi napiga kelele kuwazidi, "Waya mtani, usivute waya!" Akakaa chini ya kabati na ruta mapajani, waya umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Nikapiga magoti pembeni yake nikafungua mipangilio ya ruta kwenye simu.

"Taja neno," nikamwambia. "Refu kidogo."

"Neno gani?"

"Lolote, mtani, fanya haraka!"

Akafikiri. "Andika kunywa ufe."

"Mtani!"

"Andika."

Nikaandika. Kunywaufe. Nikabonyeza, taa za ruta zikazimika zote, zikarudi moja moja.

Nje ikapanda kelele ambayo haikusikika hata asubuhi ilipotangazwa kwamba mzee kafariki. "Mtandao umekata! Jamani, mtandao!" Baba mdogo akaja mbio, simu zote mbili juu, uso umemvimba. "Nani kakata mtandao msibani?"

"Mimi!" Sauti ilitoka chini ya kitambaa. "Mtani wangu kafa na deni la maneno. Waifai ni rehani yangu. Anayeitaka akalale pale kitandani badala yake, nitampa sasa hivi. Haya, nani anaanza? Wewe wa bandarini?"

Sebule nzima ikacheka, kicheko kikatoka mpaka kwenye maturubai. Baba mdogo akarudi nje, akakaa na simu zake zimelala kifudifudi mapajani, na baada ya muda nikawasikia wanaume wanamzungumza Baba kwa mara ya kwanza siku ile, jinsi alivyokuwa anawaita watu barazani.

Nikampigia mdogo wangu. Picha ikaja safi, naona mpaka vigae vya jikoni alikojificha. Nikaingia chumbani, nikainamisha simu usoni kwa Baba, sanda imefunuliwa kidogo. Hakulia. Alimtazama sana. Halafu akasema, taratibu kabisa, kama anavyomwamkia kila akipiga simu, "Baba, shikamoo."

Sote tulikuwa tunasubiri marahaba, na wa kuitikia hakuitikia. Nikaishika simu kwa mikono miwili.

Wanaume wakaingia, jeneza likabebwa mabegani, dhikri ikaanza. Walipofika mlango mkubwa wakasimama. Mtani alikuwa amekaa kizingitini, kanyoosha miguu, kitambaa bado kichwani.

"Hatoki."

Kwa kawaida mtani anapewa chochote kidogo, anapisha. Baba mdogo akaingiza mkono mfukoni. "Chako sikitaki," mtani akamwambia. "Namtaka yule wa kwenye simu. Baba yake nilimwambia kila siku nitamkalia mlangoni, nami nimekaa. Haya, mwanawe amtoe."

Nikamgeuzia simu. Mdogo wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanapanda na kushuka, nikajua hawezi, na jeneza zito, na wabebaji wanahema. Nikataka kusema mimi badala yake. Kumbe alikuwa anajikusanya.

"Mtani!" Ilikuwa sauti ile ile ya Baba barazani, wallahi. "Asali yako sukari ya kuchemsha! Ondoka mlangoni, Baba apite!"

Watu walicheka! Wabebaji walicheka mpaka jeneza likatikisika, na shehe mzima alificha uso kwenye kilemba. Mtani akasimama, akakung'uta kanzu, akapisha. Halafu akaninyang'anya simu.

Kwetu wanawake hatufuati jeneza, nami nikaishia barazani. Mtani hakuishia. Alienda nyuma ya wanaume na kanzu ya marehemu inaburuta chini, simu kainyanyua juu kwa mikono miwili, anapaza sauti, "Unamwona? Mwanangu, unamwona?" Akafika kona, kwa muuza viatu vya mtumba. Hapo ndipo waifai yetu inapoishia, kila mtu mtaani anapajua. Akasimama pale simu bado iko juu, mpaka nikaenda kumshika mkono, maana picha ilikuwa imeshaganda.

Mdogo wangu aliniambia baadaye picha ya mwisho aliyobaki nayo ni jeneza, kitambaa cha kijani, na mikono mingi inagombea kubeba. "Alitoka vizuri, Dada," akasema.

Matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika. Asubuhi iliyofuata bodaboda wawili wakawa wanazungukazunguka barazani, wananisalimia mara mbilimbili. Nikawaelewa. Nikachukua boksi la Baba, nikaligeuza, nikaandika kwa kalamu nene: KUNYWAUFE, HERUFI NDOGO. Nikalitundika msumarini. Mmoja akasoma, akanitazama.

"Dada, hii paswedi au unatutukana?"

"Andika uondoke zako."

Nikakaa kwenye nafasi ya Baba. Mtani akatokea na ndoo kichwani. Alipofika mbele ya baraza miguu ikasimama yenyewe, kama kila siku, akageuza uso akisubiri kuanzwa. Baba ndiye alikuwa anaanza. Akasubiri. Nikaona anaitua ndoo chini, midomo inamcheza, na mwanamke ambaye msiba mzima hakudondosha chozi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutuchekesha sisi, akashika ukuta akalia.

Mimi kufoka najua, kubembeleza sijui. Lakini utani unarithiwa.

"Mtani," nikasema, "leo umeniletea asali au sukari ya kuchemsha?"

Akajifuta kwa ncha ya kanga. Akainama, akaitwika ndoo.

"Nimekuletea sumu. Kunywa ufe."

"Nikifa utanibeba."

"Nimeshambeba baba yako mpaka kona," akasema, akaanza kwenda. "Wewe mzito. Tafuta mwingine."