Mkono wa Bibi

Mundu ulinipitia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto nikikata nyasi za kuezekea, kwetu Busunzu. Zahanati wakanishona, kidonda kikafunga upesi, nami nikajisifu kwamba nina damu nzuri. Kumbe ngozi ilipona ikafunika msiba.

Vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja. Siku moja nasonga ugali, mkono huo umeshikilia sufuria, nikasikia harufu ya nyama. Nyama gani, na nyumba haijaiona tangu Pasaka? Kutazama, ni kidole changu kinaungua, nami sina habari.

Mama aliona. Kesho yake nikakuta sahani yangu imetengwa, na mwanangu amehamishiwa kitandani kwa mama. Lisemwalo lipo, na lisilosemwa lipo zaidi: ukoma. Bibi, mama yake mama, aliishi peke yake kwenye kibanda nyuma ya migomba, vidole vimejikunja, vina makovu ya moto. Chakula aliachiwa mlangoni mpaka alipokufa. Sasa kila nilipoosha vyombo niliuona mkono wake ukitembea majini. Niliogopa kufia kibandani kama yeye, na hasira nilikuwa nazo tele. Nikamwambia mama: kama ni ukoma, niambiwe na daktari, si na sahani.

Hospitali ya Kibondo wakatuelekeza mimi na mama kwenye ile ya Kasulu. Daktari alinifumbisha macho, akanigusa kwa pamba kidole hadi kidole, akakagua ngozi mwili mzima, akachukua vipimo.

"Hapa hakuna ukoma, mama," aliniambia. "Neva, ule mshipa wa fahamu, ilikatwa na mundu, wakashona juu yake."

Wakanipasua, wakaiunga kwa kipande cha neva kutoka mguuni. Nikarudi nyumbani na gango la kunyoosha vidole, na agizo la kukandwa na kufanya mazoezi kila siku. Daktari hakunidanganya: neva huota polepole, na huenda isifike vidoleni.

Mwanangu nilirudishiwa. Kazi ya kukanda aliichukua mama, hakutaka mtu mwingine aiguse. Jioni moja, kiganja changu kikiwa mapajani mwake, akasema bila kuinua macho:

"Mama yangu naye alijikata, hapa hapa kifundoni. Kwa panga, akichonga mpini wa jembe. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Nikamwambia, "Mama, hapo unapokanda sisikii kitu."

"Najua," akasema, akaendelea kukanda.