Ua la Hina Mkononi mwa Dada

Roho iliniuma, nasema kweli, Mungu anisamehe. Dada yangu alikaa mkekani, mikono kainyoosha, na hina imempanda maua mpaka kwenye kiwiko. Mji Mkongwe mzima sijapata kuona ua kama lile. Wanawake tuliokusanyika kwake kujitayarisha kwa harusi tukamzunguka.

"Mashaallah! Nani kakupaka?" jirani mmoja akauliza.

"Mie nlisinzia, nlipoamka nshapakwa," dada akacheka. "Waulizeni wenyewe." Akatuonesha kwa kidevu binti yake na binti yangu, wamekaa pamoja mlangoni.

Jirani akamgeukia wangu. "Ni wewe, mwanangu?"

Nikamjibia mie, mbio mbio. "Huyu? Ah, wapi! Huyu hata kukoroga chai hajui!"

Ndivyo tulivyolelewa. Mama yetu akisema mtoto hasifiwi mbele za watu, atapigwa jicho. Ukisifiwa wako, mtie kasoro upesi. Mie nikashika. Dada akaacha. Yeye wake humwita "fundi wangu, mashaallah" hadharani, na wangu humwita hivyo hivyo. Basi wangu akipata alama nzuri skuli, daftari hulipeleka kwa mama yake mkubwa kwanza. Hilo nalo lilikuwa likinichoma, na sikumwambia mtu.

Binti yangu akainamisha kichwa. "Si mie. Kapaka dada."

Akamsukuma mbele binti wa dada, na sifa zote zikammiminikia yeye. Kila mwanamke aliyenizunguka alileta mashaallah yake. Wivu ukanikaba. Hata hili nalo liende kwao? Nikalikodolea macho lile ua, nikaomba moyoni lifutike.

Asubuhi nikameza kiburi, nikapanda tena kwa dada. Nikamwita binti yake, nikamnyooshea mkono. "Haya fundi, nipake na mie."

Mstari wa kwanza ukaenda upande. Wa pili ukavuja. Mara mtoto akaangua kilio.

"Mama mdogo, mie sijui! Kapaka yeye. Kanambia nisiseme."

"Kwa nini?"

"Kasema ushawaambia watu hajui kitu. Akisema kapaka yeye, utaonekana mwongo."

Lo! Nilishuka zile ngazi sijui vipi. Nyumbani nikamkuta binti yangu anaosha mchele.

"Lile ua ni lako," nikamwambia.

Hakuinua uso. "Halijakaa vizuri, mama. Limepinda kidogo kwenye kidole."

Alikuwa kashajitia kasoro mwenyewe, bila kungoja yangu. Nikachutama karibu yake.

"Mwanangu, nikikwambia hujui, si kwamba hujui. Nnakukinga. Watu wana kijicho. Akikutazama mwenye kijicho, asiseme mashaallah, atakudhuru."

Akaacha mchele. Akafikiri, maji yanamchuruzika mikononi.

"Na jana alikuwepo mwenye kijicho?"

Nikawapitisha moyoni mmoja mmoja. Jirani alisema mashaallah. Dada alisema. Hata bibi kizee wa nyumba ya pili, asiyemsifu mtu, alisema. Nikawamaliza wote, akabaki mmoja.

"Alikuwepo," nikamwambia.

"Nani, mama?"

Nikamnyooshea mkono wangu, wenye ile mistari iliyovuja.

"Mie."