Nailoni ya Kiti cha Nyuma

Wifi yangu ni fundi wa cherehani. Hashoni, anazitengeneza zinapogoma. Akiisikiliza mashine ikizunguka, anakwambia ni kipuri gani kinalika na kimebakiza miezi mingapi. Sikio hilo analo kwa kila kitu: feni, bawaba za mlango, hata magoti ya baba yake. Mtu anayesikia namna hiyo hapati raha na chochote alicho nacho.

Miaka mitatu iliyopita alinunua gari la umeme lililokwisha kutumika. Muuzaji alimwonya: usilijaze kupita asilimia themanini, wala usilichomeke kwenye chaja za haraka, betri itazeeka. Wifi akalishika onyo hilo kama dawa. Viti akavivika nailoni aliyoikata mwenyewe. Betri ikazeeka vilevile. Mwanzoni likijaa lilikwenda kilomita mia moja na ishirini, sasa sabini. Mtaani wanamwita Asilimia, maana hata ukimsalimu garini, jicho moja linabaki kwenye skrini.

Jumanne na Ijumaa gari hilo linampeleka baba mkwe hospitali kusafishwa damu, kilomita thelathini na nane. Figo zake zimeacha kazi. Zamu yake ni saa nane. Ukichelewa nusu saa, mashine anapewa mwingine. Ijumaa iliyopita umeme wa hospitali ulikatika, tukarudishwa. Kufikia Jumanne miguu ilikuwa imevimba, pumzi fupi. Daktari alisema kwa simu, "Leo asikose."

Siku hiyo tukakuta daraja limefungwa. Askari akatuonyesha njia ya mlimani.

"Inaongeza ngapi?" wifi akauliza.

"Kama kilomita kumi. Ila ni kupanda tu."

Chini ya mlima kuna kituo cha mafuta chenye chaja ya haraka.

"Wifi, ile pale," nikasema.

"Nimeiona."

"Tusimame?"

"Asilimia arobaini na nne. Itatufikisha. Ile inaua betri."

Nilikuwa nyuma, nimemshika baba mkwe bega. Akasema polepole, "Na mimi, mama, nimebakiza asilimia ngapi?"

"Baba, usiongee. Pumua," wifi akamjibu.

Mlima ukaanza kula. Thelathini na sita. Ishirini na nane. Wifi akazima feni, vioo vikajaa ukungu, nikawa najinyoosha mbele kumpangusia kwa kanga yangu. Kumi na tisa. Nilisikia kifua cha mzee kikikoroma na nailoni ikilia chini yake kila alipojisogeza kutafuta hewa. Kwenye kumi na moja ikatokea picha ya kobe kwenye skrini, na gari likalegea kama mtu aliyepigwa gotini. Kilele hakikuonekana. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Wifi alisimama katikati ya barabara.

"Nilikosea kule chini," akasema. Akageuza.

Tukashuka kilomita tisa tulizozipanda. Gari la umeme likishuka hujichaji kidogo; mteremko ulirudisha asilimia tatu. Kituoni alishuka mbio, akaushika waya mnene wa chaja, kisha mkono ukaganda.

"Chomeka, mwanangu," baba mkwe akasema dirishani. "Mimi mwenyewe nikifika nitachomekwa hivihivi."

Akachomeka. Dakika ishirini zile zilikuwa ndefu kuliko njia nzima. Mzee alikuwa amefumba macho, nami nikahesabu pumzi zake nikiogopa kupoteza hesabu. Ghafla akasema, "Miaka mitatu nakalia nailoni kama mkate wa dukani. Gari hili unamtunzia nani?"

Wifi aliangalia pembeni.

Tuliingia hospitali saa nane na dakika ishirini na sita. Muuguzi alikuwa tayari ameshika faili la mtu mwingine.

"Mzee, wewe! Kidogo tu ningemlaza mwenzako."

"Mwambie namwomba radhi. Nimepanda kobe."

Akalazwa. Nilisubiri mpaka damu ilipoanza kuzunguka kwenye mirija, kisha nikatoka kumtafuta wifi. Kwa kawaida saa hizo yuko chumba cha kufulia mashuka. Kule anawatengenezea cherehani, nao wanamwachia soketi ya kuchajia gari. Safari hii waya ulikuwa bado kwenye buti. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, yeye amepiga magoti ndani na mkasi wake wa kazi, anaikata nailoni. Kitambaa cha chini kilikuwa cha buluu, kipya kabisa. Sikuwahi kujua rangi yake.

"Betri inasemaje?" nikauliza.

"Sijatazama."

Akavuta kipande cha mwisho, akapitisha kiganja kwenye kiti mara mbili. Kisha akaikunja ile nailoni mara nne, pembe kwa pembe, akaiweka kwenye buti.

"Huitupi?"

"Ya nini kuitupa, wifi? Nzima hii." Akachukua waya. "Nenda kakae na baba. Leo nalijaza mpaka mia."