Aruna na mbuzi wa wageni

Aruna si mtu wa kuficha aibu zake. Mwenyewe husema kwamba siku jeshi lilipoandika jina lake, jeshi lilikuwa limesinzia.

Wakati huo kambi yao ilikuwa mtaa wa Ruwenzori, mjini Beni, na mkewe Nasiba alikuwa amejifungua binti wao wa kwanza huko Butembo. Akika, karamu ya kumchinjia mtoto mchanga mbuzi, ilipangwa Ijumaa. Aruna, ambaye hakuwa amemtia mtoto machoni, alikwenda kwa Kapiteni Malachie kuomba ruhusa.

"Mon capitaine, naomba permission. Sijaona mutoto wangu bado."

"Kesho bacommerçants Baislamu banakuya kutuletea muchele. Mu kompanyi yote Muislamu ni weye tu. Utabachinjia mbuzi, donc bakule bila mashaka. Ukimaliza, unakwenda."

"Hakuna shida, mon capitaine!"

Mdomo ulimponza. Aruna hakuwa amewahi kuchinja hata kuku. Kwao kazi hiyo ilikuwa ya kaka yake, na kila sikukuu Aruna ndiye aliyejitolea kwenda kununua chumvi, hata kama chumvi ilikuwepo.

Kesho yake akamlaza mbuzi nyuma ya jiko, akamfunga miguu, akamwelekeza kibla, akataja jina la Mungu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Kisha akafumba macho, akakata. Alichokata ni kamba.

Mbuzi hakungoja maelezo. Alitoka mbio mpaka uwanjani, ambako kompanyi nzima ilikuwa imejipanga kupokea wageni, na Aruna nyuma yake, aproni kifuani, kisu mkononi.

"Mumukamate! Mumukamate!"

Nani amkamate? Askari wote walikuwa wameganda wima kwa garde-à-vous, na kapiteni, kwa kuduwaa, alisahau kuwaamuru walegee. Mbuzi akapunguza mwendo, akapita mbele yao akiwakagua mmoja mmoja.

Aliyemkamata ni Hadji Issaka, mzee aliyewaongoza wale wafanyabiashara. Alikunja mikono ya kanzu, akachukua kisu cha Aruna, akamaliza kazi kabla Aruna hajapata nafasi ya kugeuza uso.

"Kijana," akauliza, "apa unafanyaka kazi gani?"

"Niko soda, Hadji," akajibu, yaani askari.

Garde-à-vous ikavunjika kwa kicheko.

Aruna akajua ruhusa imekwenda na maji. Alijificha nyuma ya jiko, akalia kwa ajili ya mtoto ambaye hata sura yake haijui, na kilio hicho pia huwa hakifichi. Mara kapiteni akamwita.

"Hadji amesikia habari ya mutoto wako, ameniomba nikuache. Kesho anapanda Butembo na gari yake, atakubeba. Enda. Mais niambie: kule ku akika, nani atachinja?"

Kwenye akika anayengojwa na kisu ni baba wa mtoto. Kwa hamu yote ile, hilo Aruna hakuwa amelifikiria hata kidogo.

Alikwenda hivyo hivyo. Ijumaa alimpokea binti yake mikononi mwa Nasiba, na machozi yakamtoka mbele ya wakwe bila haya. Kaka yake Aruna akaja na kisu.

"Baba ya mutoto, kuya. Mbuzi iko tayari."

"Unaona vile niko na mutoto," Aruna akajibu.

Shangazi akanyoosha mikono ampokee. Mama mkwe naye. Nasiba mwenyewe, huku akicheka. Aruna akawakatalia wote, akamkumbatia mwanawe, na hakumwachia mpaka nyama ilipoiva.