Feri Ndani ya Programu

Niliambiwa sauti ya intaneti hupita chini ya ziwa, na pangaboi la feri ya Sengerema huikatakata. Licha ya cheti changu cha kompyuta cha shule ya usiku, niliamini.

Mimi na mwenzangu tulikuwa tunatunga programu ya bure ya kuongea kompyuta kwa kompyuta, ili mama amsikie kaka aliyekuwa nje ya nchi. Tuliijaribia kwenye duka la intaneti karibu na gati. Feri ikifika tu, kaka anatoka vipande vipande. Nikaiandikia programu ratiba ya feri na kuiamuru isubiri feri iondoke. Mama akasubiri hadi akazeeka mara mbili.

Mwenzangu akaisoma ile programu. "We fundi, feri inafanya nini humu?"

Nikamweleza.

"Abiria wakishuka wanakuja hapa kusoma barua pepe," akasema. "Laini ya intaneti yenyewe ni moja, tunagawana wote, ndugu yangu."