Gaspard wa Viti na Matanga Yasiyo na Marehemu

Hii ninayowaandikia hamutaisadiki. Hata mimi, Tonton Aristide, ninayejulikana kutoka mutaa wetu wa Kataki mpaka bandarini kama muntu asiyesema uongo isipokuwa siku za kazi, nilisema: hapana, hii inapita kipimo. Lakini niliiona kwa macho yangu mawili, na yote mawili ni mazima. Shule yangu iliishia darasa la tano, maana mwalimu alichoka kushindwa na mimi. Mukikuta neno limekaa upande, lisukumeni kidogo muendelee.

Gaspard anakodisha viti. Kwetu muntu wa viti ni muntu mukubwa. Mauti ikiingia nyumba asubuhi, padri hajapigiwa simu bado, Gaspard amekwisha kupigiwa. Atakuja na mukokoteni wake, viti vya plastiki vya buluu vimepandana, na bashi, turubai ya kuzuia jua. Atapanga: wanaume huku, wamama na mikeka yao kule. Atamushika mufiwa mukono kwa mikono miwili, halafu ataondoka bila kutaja bei. Bei inatajwa matanga yakiisha. Na akikuta nyumba haina kitu kabisa, atasema tu: "Mutanilipa siku ya kuoza binti." Hata kama nyumba ile haina binti.

Na shati yake! Imepigwa pasi ya makaa mpaka kola inaweza kukukata shingo. Nilikuwa ninamuchokoza: "Wewe Gaspard, siku utaanguka matopeni, matope njo yatakuomba samahani." Anacheka. Siku zile alikuwa muntu wa kucheka.

Bibi yake wa ndoa ni Bertille, anauza ndagaa kavu sokoni. Mwaka huu, mvua zikianza, alishikwa na tumbo upande wa kuume. Wakamupeleka hospitali moja ya huku, jina ninaliacha, maana nami ninaweza kuugua kesho. Wakasema ni apendisiti, jambo dogo, wakamupasua. Jambo dogo likakataa kuwa dogo. Kidonda kikaoza kwa ndani, tumbo likajaa usaha, homa ikapanda mpaka anaita watu waliokufa zamani. Wakamufungua tena. Na tena. Alipopata nguvu kidogo aliwauliza waganga wa hospitali kama wangemushonea zipu, iwe rahisi kwao. Hapo njo tulijua atapona.

Akapona kweli. Na alipopona, fakture ya hospitali ikaja.

Kwetu, ukipona bila kulipa, hautoki. Wanakuondoa kitandani, maana kitanda ni cha wagonjwa, wanakupeleka baraza ya nyuma pamoja na wenzako waliopona kama wewe. Unafua, unaota jua, unasuka nywele, lakini sentineli wa mulangoni anakujua kwa sura. Watu wa mutaa wakisikia uko kule, hawakusemi vibaya. Wanashusha sauti tu ukipita. Na ile kushusha sauti njo kitu Gaspard aliogopa kuliko fakture yenyewe. Yeye ambaye anawapa watu wote mahali pa kukaa, bibi yake anakaa chini kwenye simenti, amezuiwa kama pikipiki iliyokamatwa na polisi!

Wamama wa shirika letu la kanisa walikuwa wanamuangalia Bertille wakati wa homa. Walipouliza sasa, Gaspard akajibu: "Ametoka, asante Mungu." Wakaacha kwenda. Yeye akauza viti vyote kwa kanisa moja jipya, akapeleka feza hospitali, fakture ikacheka tu.

Mimi njo nilikuja kumukuta kwenye kiwanja kitupu.

"Gaspard, viti viko wapi? Mutoto wa dada yangu anaoa."

"Viko Moba, Tonton."

"Viti vinatafuta nini Moba?"

Aliangalia ukuta, kama jibu limeandikwa pale. "Shangazi ya Bertille. Mama Virginie. Ametutoka. Bertille alipanda boti na viti, kwa ajili ya matanga."

"Na kile kidonda chake?"

"Alikifunga na kitenge."

Muntu akikutajia kifo, unatoa kofia kwanza, maswali baadaye. Nilitoa kofia. Halafu nikaenda kupasha habari, maana redio ya Kataki ni mimi, na haina mafuta wala betri. Jua halijafika kichwani, mutaa wote ulikuwa unajua.

Sasa sikilizeni. Yule maskini alifikiri amefunga mulango, kumbe amefungua. Amepanga viti kwenye matanga ya kila nyumba, sasa yeye amefiwa na shangazi ya bibi yake, wenzake watalala? Mangaribi ilipokaribia, walianza kuingia. Huyu amebeba kigoda kichwani, yule benchi ya jikoni, yule ndoo ya kugeuza. Papa Ruben, muvuvi, mwenye miguu yake mibaya, alikuja na kiti chake cha kamba akakiweka katikati akasema: "Siku zote unatukalisha, Papa Gaspard. Leo tumekuja na vyetu."

Gaspard akafungua mudomo. Nilimuona. Akaufunga.

Mama Laetitia, mukubwa wa wamama wa shirika, akatandika mukeka, akaweka sahani ya muchango. Wengine wakawasha moto wa bukari, ule ugali wetu. Kila muntu aliyetupa kitu kwenye sahani, kichwa cha Gaspard kilishuka kidogo, mpaka kidevu kikakaa kifuani. Mwisho akalia. Wamama wakasema: "Ona mukwe anayependa!" Mimi nikamuinamia: "Gaspard, hata mama yako mwenyewe haukumulilia hivi." Akaniangalia kama kuku aliyeona kisu. Nilifikiri ni huzuni.

Ile sahani alipelekewa chumbani. Aliifunika na kitambaa, akaisukuma chini ya kitanda. Hakuigusa. Bibi amezuiwa kwa sababu ya feza, feza iko chini ya kitanda, na yeye analala juu yake kama analala juu ya nyoka.

Posho ya matanga, ile wiki ya kulia, haijaisha, wamama wakaenda hospitali kumuangalia Princesse, binti wa shirika aliyezaa. Nami niliwasindikiza, nimebeba sufuria ya wali, maana kazi nzito wananiachia mimi. Walikuwa bado wamefunga vitambaa vyeusi kichwani kwa ajili ya Mama Virginie. Mama Laetitia akazunguka nyuma kutafuta maji ya kunawa. Pale barazani mwanamuke mumoja alipomuona, haraka akajifunika kitenge kutoka kichwani mpaka magotini.

Lakini miguu ilibaki nje. Na Bertille ana kidole kimoja kimepanda juu ya mwenzake, soko lote linakijua.

"Mama Bertille?" Mama Laetitia akasema. "Si uko Moba?"

Kitenge kikatulia. Halafu kikashuka polepole, na uso wa Bertille ukatoka, umekonda, macho yanaangalia chini. Sijaona muntu anayejificha hivi bila kuiba kitu. Halafu akaona vile vitambaa.

"Mumefiwa na nani?"

"Tumefiwa na nani tena! Si shangazi yako Virginie? Tunamulilia kwako nyumbani."

Ee, Mungu. Bertille alitoa kilio mpaka sentineli akavua kofia kule mulangoni. Shangazi yule njo alimulea. "Yoo, mama yangu! Umekufa mimi nimefungiwa hapa kama mbuzi! Nani alikufunga macho, mama yangu!" Mukono mumoja kichwani, mwingine kwenye tumbo, maana kila kilio kilikuwa kinavuta kidonda. Wale wenzake wa baraza wakalia pamoja naye. Muganga mumoja akatoka anapiga kelele: "Mumunyamazishe! Atapasuka!" Hakuna aliyeweza.

Hapo Gaspard akatokea kwenye kona, na bakuli ya chakula imefungwa na kitambaa.

Angeweza kurudi nyuma. Mimi ningerudi, na mbio zangu munazijua. Yeye alikuja mpaka mbele ya wamama wote.

"Bertille, nyamaza. Shangazi hajafa."

"Nani alikuambia hajafa? Wanamulilia!"

"Mimi njo nilimuua. Na mudomo." Akaweka bakuli chini. Akakaa kwenye simenti, na ile suruali yake yenye musitari wa pasi, kando ya bibi yake. "Viti niliviuza. Havikutosha. Watu wakaniuliza, na mimi nikaona haya."

Bertille akajipangusa uso na kona ya kitenge.

"Ulinionea haya mimi?"

"Hapana. Nilijionea haya mimi."

"Mimi nimejifunika kama maiti kila nikiona muntu wa Kataki, ili wasikucheke wewe. Na wewe uko nyumbani unanizikia shangazi!"

Nilitaka kucheka. Naapa nilitaka. Lakini nilimuona Mama Laetitia, na pua yake ilikuwa imefunguka.

"Nimesonga bukari," akasema, "mikono imeota malengelenge, kwa ajili ya muntu anayesonga bukari yake mwenyewe Moba!" Akakaribia. "Papa Gaspard, bwana yangu alipokufa, ulikuja kwangu. Uliona chumba changu. Uliona mikeka ina matundu, uliona watoto wangu hawana viatu. Haya yangu yote uliipangia viti juu yake, haukusema kwa muntu. Na yako ulitunyima? Sisi tulikukosea nini?"

Masikio ya Gaspard yalikuwa yanawaka. Nimemuchokoza muntu yule miaka yote, nikitafuta mahali pa kumuuma, na mwanamuke yule alipapata kwa neno moja. Hata mimi niliangalia sufuria yangu.

"Sahani nitairudisha," akasema mwishoni. "Kwa kila mumoja. Sikuigusa."

"Urudishe nini? Mama ya mama yangu alisema feza ya matanga haiingii tena mulango iliotokea, inarudi na mauti mukononi. Unataka kutuzika na sisi? Kailete."

Akaileta. Watu wa shirika wakaibeba mpaka biro, pale wanalipia, Mama Laetitia mbele. Haikutosha yote. Papa Ruben akaja na kiti chake cha kamba akakaa kwenye mulango wa biro mpaka wakubwa wakachoka kumuruka. Wakakubali bashi ibaki kwao kama rehani, na mabaki shirika litayaleta polepole. Gaspard alikuwa anaambiwa tu "weka mukono hapa", anaweka. Wale watu walikuwa wanamusaidia, na kila musaada ulikuwa unamukunja mugongo zaidi. Mama Virginie akapigiwa simu Moba. Alisikia habari ya kifo chake, akauliza nani alitoa muchango kidogo.

Na siku ya kutoka, ndugu zangu, hapo njo mungekuwepo! Mulango mukubwa ulifunguliwa wote, wamama wametandika vitenge chini kutoka hospitali mpaka Kataki, tarumbeta zinalia, mimi mbele ninacheza, Gaspard amemubeba Bertille mugongoni, kichwa juu, anasalimia kuume na kushoto, na daktari mukubwa mwenyewe akatoka nje, akapiga magoti, aku—

"Tonton, acha kwanza." Ni Gaspard. Amesimama nyuma yangu, anasoma. "Vitenge gani? Tulitoka na mulango wa nyuma. Tulipita kandokando ya ziwa, kule hakuna nyumba, Bertille ameshika tumbo, anapumzika kila mara, na mimi nyuma yake na ndoo na mukeka, siwezi kuinua macho. Na wewe haukuwepo, ulikuwa umelala. Andika hivyo."