Gesi Iliyoshuka Ngazi

Mama mkwe wangu, Bekha Maya, ni mke wa mfinyanzi, na jiko lake liko juu kabisa, chini ya paa, kama majiko yote ya zamani ya mtaa wetu hapa mjini Bhaktapur. Alipika kwa kuni tangu alipoolewa. Moshi ulitokea kwenye tundu la paani, na macho yake mpaka leo yanatoa machozi bila huzuni. Mtungi wa gesi ulipoletwa aliupaka tika, ile rangi nyekundu ya baraka, kama bibi harusi. Tangu hapo kuubadilisha ni kazi yake, mwingine haugusi.

Asubuhi moja nilikuwa naye jikoni, namenya vitunguu saumu. Binti yangu, Nhasla, alikuwa amelala kwenye mkeka ghorofa ya chini, karibu na pale babu yake anapofinyangia vyungu. Mama alikuwa ametoka kufunga mtungi mpya. Nikasikia harufu.

"Gesi hiyo, Mama."

"Kwani mimi sina pua?" Mpira wa gesi ulikuwa umelegea. Akafunga koki ya mtungi, akasukuma kifuniko cha paani. "Itapaa. Moshi wote ule ulipita hapa, nayo itaona njia."

"Na chini je?"

"Umewahi kuona moshi ukishuka ngazi, wewe?"

Sikuwahi. Lakini maziwa yalikuwa yamenijaa, nikashuka kumnyonyesha mtoto. Nilitegemea harufu itapungua. Ikazidi. Ghorofa ya kati niliinama kuokota kofia ya Nhasla kwenye kidato cha ngazi, ikanipiga puani hadi kichwa kikazunguka. Ndipo nilipoelewa kuwa imenitangulia.

Baba mkwe alikuwa na sigara mdomoni na kiberiti mkononi. Pua yake ilishaharibiwa na tumbaku, hasikii kitu. Mtoto alikuwa sakafuni, karibu na miguu yake.

"Baba, usiwashe."

"Hata moja tu? Umetumwa na huyo wa jikoni juu?"

"Gesi imeshuka, Baba. Iko hapo miguuni pako."

Akaitazama miguu yake, kisha akamtazama mtoto. Kiberiti akakitia mfukoni polepole, kama mtu anayebeba yai. Nilimnyakua Nhasla, nikaruka kizingiti mpaka uani. Alikuwa amelegea, sikujua kama ni usingizi au ni ile gesi. Nikamsugua nyayo. Akafumbua macho, akanikasirikia, akalia kwa nguvu zake zote. Sijasikia kilio kitamu kama kile. Nikakaa palepale katikati ya vyungu vilivyoanikwa.

Mama alishuka mbio na ungo. Kizingiti chetu kimeinuka juu, na gesi ilikuwa imekaa nyuma yake kama maji kwenye beseni. Akaanza kuipepea chini chini, kuisukuma nje.

"Bekha Maya, unapepeta nini leo?" jirani yetu Purna Keshari akauliza. "Mbona sioni mpunga?"

"Napepeta ujinga wangu," Mama akamjibu, mkono haukusimama.

Mchana alikuja fundi wa gesi kukaza mpira. Akatueleza kwamba dunia inavuta kila kitu, hata hewa. Chembe za gesi hii hazitulii, zinarukaruka na kugongana kama za hewa, ila ni nzito kuliko zile. Ikivuja nyingi ndani ya nyumba isiyo na upepo, inatambaa chini. Moshi hupaa kwa sababu ya joto lake.

"Kumbe ni nzito," Mama akasema, akilitazama tumbo la Baba. "Basi tunayo nyingine humu ndani."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekwenda kuvutia sigara yake mbali, kule kisimani.

Alasiri Mama alikaa juani, Nhasla mapajani, pua yake ndani ya nywele za mtoto.

"Nipe nimnyonyeshe, Mama."

"Ngoja kidogo," akasema. Akavuta pumzi tena. "Ananuka maziwa tu. Maziwa matupu."